Makadirio ya Mama Mkubwa

14 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la shuka chafu, maana kiti pekee cha chumba chetu cha kufulia anakikalia mnyapara, na yeye akikaa haondoki mpaka kengele ilie. Hoteli imejaa wageni. Tunafua, tunapiga pasi, tunakunja, wao wanachafua tena, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mikono imechubuka kwa sabuni lakini mimi ni mzima.

Kwanza asante. Tangu nilipokuletea Chiriku wangu mwaka juzi sijawahi kujiuliza mtoto yuko kwenye mikono ya nani. Yuko kwa mama yake mkubwa, tena mwalimu. Wenzangu hapa wakipata barua ya nyumbani wanatetemeka kuifungua. Mimi yako naifungua kwa meno.

Nimesikia mwaka huu, mwaka wa mtihani, darasa lao lote umepewa wewe, siyo hesabu peke yake kama ulivyokuwa ukimfundisha. Nilicheka mpaka mnyapara akauliza nimeokota nini kwenye mifuko ya wageni. Nani mwingine anakunywa chai ya asubuhi meza moja na mwalimu wake?

Unakumbuka yule mwalimu wetu alivyomwambia baba? "Huyu mkubwa amepewa akili, huyu mdogo amepewa mikono." Baba akakusomesha wewe, mimi nikaenda kutumia mikono yangu. Simlaumu mtu. Aliyesema alikuwa mwalimu na aliyesikia alikuwa baba, ningebisha mimi nani? Lakini Chiriku nataka apite, aende sekondari. Hilo ndilo ombi langu, sina lingine. Niandikie ukweli juu ya masomo yake na usinifiche kwa kunionea huruma.

Mdogo wako wa sabuni


2 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikinukia sabuni, mwalimu wa sayansi akaniuliza mbele ya watu kama nimepata mchumba dobi. Ndiyo ofisi yetu hiyo: kabati lisilofungika, birika ambalo kila mtu anadai si zamu yake kuliosha, na maneno.

Umeomba ukweli, basi kaa vizuri juu ya gunia lako. Kila mwaka unapoanza mwalimu mkuu anatugawia orodha ya majina, na mbele ya kila jina mwalimu wa darasa anaandika kama mtoto huyo atapita au hatapita. Tunaita makadirio. Kwa makadirio hayo darasa la mtihani linagawanywa mara mbili. Wa kupita wanakaa chumba cha kwanza, na mimi. Wengine wanakaa chumba cha pili, upande wa pili wa ukuta wa mbao, na mwalimu wa michezo. Si kuwatupa. Mwalimu ni mmoja na mwaka hauna mkia mrefu, ukimng'ang'ania asiyeweza unampoteza anayeweza. Na makadirio yangu, mdogo wangu, hayakosei. Mwalimu mkuu huwaonyesha wakaguzi, anawaambia huyu mama ana jicho.

Mbele ya jina la Chiriku nimeandika hatapita.

Usilie kwanza, sikiliza. Tangu aje hapa hajanyoosha mkono darasani kwangu hata mara moja. Nauliza swali jepesi, watoto wanapigana vikumbo kutaka kujibu, wengine mpaka wanapanda juu ya madawati, yeye ameinamia daftari lake. Majaribio anapata alama za katikati, sikatai, lakini mwalimu hasomi alama peke yake, anamsoma mtoto. Mtoto anayejua jambo, jibu linamwasha ulimini. Huyu halimwashi. Ni msafi, ni mtiifu, akitumwa anakwenda mbio, ila ni mzito.

Tena fikiria upande wangu. Kwa alama zile za katikati ningemweka chumba cha kwanza, ofisi nzima ingesema nimembeba kwa sababu ni damu yangu. Kwa hiyo nimempima kama mtoto wa mtu baki, tena nikabana kidogo. Haki ni haki.

Dada yako


21 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Mwenzangu wa pasi akaniuliza nimefiwa na nani.

Nisamehe kwa kuuliza jambo la kijinga. Huyo unayemsema ni Chiriku huyuhuyu wangu? Jina hilo hatukumpa kwa sababu ya sura. Mtoto aliyekuwa anabishana na mtangazaji wa redio kama vile mtu yumo ndani, aliyemfuata fundi seremala siku nzima akimwuliza kwa nini msumari hauingii kichwa kwanza, mpaka fundi akaja kuniomba nimfungie ndani! Leo nasikia hasemi. Labda ni ukubwa unamwingia.

Lakini wewe ndiye unayekaa naye darasani, siyo mimi. Mimi ni mtu wa mikono. Kama jicho lako limeona mzito, basi ni mzito, na mimi nimekuwa nikijenga ghorofa juu ya mchanga. Imeniuma, dada, sitakudanganya. Nimemwandikia na yeye, barua yake nimeitia humu humu. Mpe.

Mdogo wako


21 Februari

Wewe Chiriku,

Mama mkubwa ameniandikia. Hujibu maswali, hunyooshi mkono, unainama kama mtu aliyepoteza sindano. Mimi huku nabeba shuka za watu wasionijua ili wewe ukae mbele ya mwalimu, halafu unakwenda kumkalia kimya dada yangu mbele ya walimu wenzake. Unaniaibisha. Ulikuwa na mdomo wa kumshinda fundi seremala, umeupeleka wapi? Mwalimu akisema wewe ni mzito mimi nitamwamini mwalimu, kwa hiyo mwonyeshe kwamba si kweli.

Mama yako


9 Machi

Kwa mama mpenzi,

Shikamoo mama. Barua yako nimeipata, nimeisoma chooni kwa sababu huko hakuna mtu anayekuuliza unasoma nini. Usinikasirikie. Nitakueleza lakini usimwambie mama mkubwa, atasema namchongea.

Mimi sikupoteza mdomo. Siku ile uliyoniacha, kesho yake tunakwenda shule mara ya kwanza, mama mkubwa alinisimamisha njiani pale kwenye duka la mafuta ya taa akanirekebisha kola. Akasema, "Sikiliza. Ndani ya darasa langu usinyooshe mkono. Ukijibu vizuri watasema nimekufundisha majibu nyumbani. Na usiniite mama mkubwa, niite mwalimu." Nikasema ndiyo mama mkubwa, akanifinya, nikasema ndiyo mwalimu.

Basi nikawa najibu kimoyomoyo. Akiuliza, mimi nasema jibu tumboni, halafu nasikiliza kama mwenye kusimama atasema hilohilo. Mara nyingi lilikuwa hilohilo. Ulikuwa mchezo mzuri. Nikawa nainama ili asione nacheka.

Sasa niko chumba cha pili na huko mchezo umekwisha kwa sababu hakuna maswali. Mwalimu wa michezo ni mpole, anaandika kitu ubaoni tunanakili, halafu anakwenda kutazama mpira wa watoto wadogo. Tumenakili ramani ile ile mpaka naijua kwa kufumba macho. Hesabu bado tunajumlisha. Chumba cha kwanza wanafanya asilimia na mwendo wa magari mawili yanayokutana njiani. Ukuta ni mbao, kwa hiyo mwanzoni nilikaa karibu nikawa nasikia sauti ya mama mkubwa, nikawa naandika ninachosikia. Lakini hesabu haisikiki vizuri mama, inataka kuonekana ubaoni. Anasema "hii tunaileta huku" na mimi sijui hii ni ipi na huku ni wapi. Halafu wakanihamisha upande wa dirishani kwa sababu mimi si mtundu na pale panataka mtu asiyetupa karatasi nje.

Wenzangu wananiita mtoto wa mwalimu aliyeshindikana. Mimi nacheka nao. Usinikasirikie.

Mwanao, Chiriku


24 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina hadithi za mnyapara.

Mtoto ameniambia uliyomwambia kwenye duka la mafuta ya taa siku ya kwanza ya shule. Amenikataza nisikuambie, nami nakuambia, maana naona tumekuwa wajinga watatu kwenye nyumba moja. Wewe ndiye uliyemkataza kunyoosha mkono! Akakutii, mwaka ukaisha, mwingine ukaja, bado anakutii, kisha ukachukua kalamu ukaandika kwamba hajui kwa sababu hanyooshi mkono. Ni kama mtu aliyemfunga kuku mguu, halafu anawaita majirani waje waone kuku asiyejua kukimbia. Na mimi mama yake nikajiunga na majirani, nikamwandikia maneno ambayo nikiyakumbuka nataka kuuma ulimi.

Mrudishe chumba cha kwanza. Sikuombi umbebe. Nakuomba umfungue.

Mdogo wako


16 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeivumilia barua yako mpaka mwisho, jambo ambalo walimu hatulipati kwa wazazi.

Mimi sikumbuki kusema maneno hayo. Inawezekana nilisema, siku ya kwanza mtu anasema mengi. Kama nilisema, nilikuwa namkinga na midomo ya watu. Lakini hebu fikiria na wewe: mtoto mwenye akili angeelewa kwamba hayo ni maneno ya wiki ya kwanza, si amri ya maisha. Mwenye akili angejaribu siku moja aone. Yeye hakujaribu. Hilo lenyewe linanionyesha kitu.

Hata hivyo mimi si mtu wa ubishi, ni mtu wa vipimo. Nilimwita nikamsomea barua yako ili ajue kwamba nyumba hii haina siri. Akalia. Kisha nikamweka mezani, nikampa karatasi ya jaribio la hesabu la chumba cha kwanza, nikakaa mbele yake mwenyewe asije akasema amesumbuliwa. Swali la asilimia ameacha wazi. Swali la magari mawili amechora magari. Kachora vizuri, hata taa zipo. Amepata nane kwa hamsini.

Kwa hiyo usiniambie habari za kuku. Nimekadiria, nimepima, vimelingana.

Mwalimu mkuu sasa anawaita wazazi wa chumba cha pili. Anawashauri wakubali watoto wao wasifanye mtihani mwaka huu, waende kujifunza ushonaji au useremala, ili wastani wa shule usishuke. Nimekutumia karatasi ya kukubali, weka sahihi chini. Usiione kuwa ni adhabu. Na nikuambie jambo ambalo bado halijatangazwa: nimependekezwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi, na sababu kubwa waliyoandika ni hiyo ya makadirio yangu. Natumaini utafurahi na mimi japo kidogo.

Dada yako


5 Mei

Dada,

Shikamoo. Karatasi yako nairudisha kama ilivyokuja. Sahihi yangu ni mbaya, lakini najua mahali pa kutoiweka.

Umempima mtoto kwa somo ambalo ulifundisha upande wa pili wa ukuta. Angelijua kwa njia gani, kwa kuota? Januari alikuwa wa katikati, umeandika mwenyewe kwa mkono wako. Aprili ni nane kwa hamsini. Kati ya hapo na hapo kilichompata ni kalamu yako. Hukumtambua mzito, dada, umempika.

Na hao wengine wa chumba cha pili, wale ambao mama zao hawaandiki barua? Miaka yote hiyo makadirio hayakosei! Yangekoseaje, ikiwa uliyemwandika atapita unamfundisha, na uliyemwandika hatapita anachora ramani?

Nalala nikimfikiria yule mwalimu wetu. Nilikuwa nakariri mashairi yote ya kitabu kwa kusikia tu, nakumbuka, wewe ulikuwa unaniomba nikukumbushe mistari. Lakini siku alipomwambia baba kwamba mimi ni wa mikono, nilifika nyumbani nikaanza kuitazama mikono yangu. Sikukariri tena kitu. Mpaka leo barua zako nasoma, lakini nikipewa karatasi ya kusoma kazini mbele ya watu naogopa kukosea, nampa mwenzangu, nasema miwani nimesahau, wala sina miwani.

Nimeomba ruhusa nije. Mnyapara amesema nikiondoka nisirudi. Basi nakubembeleza kwa sababu sina njia nyingine. Atafanya mtihani. Umfundishe nyumbani, pale mezani, kila jioni. Mfundishe kama ambavyo ungemfundisha ungeandika neno lile lingine.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeanza kumfundisha. Nakuambia mapema usije ukasema nimekaidi.

Si kazi rahisi. Nikimwuliza, hatazami karatasi, ananitazama mimi usoni. Nikikunja uso anafuta, nikitabasamu anaacha. Kuna jioni niliweka uso mkavu makusudi nione atafanya nini, akakaa kalamu mkononi mpaka chai ikapoa. Nikampandishia sauti. Watu wa mlango wa jirani walizima redio kutusikiliza.

Jambo moja nataka kukueleza, sijui kwa nini. Juzi nilimpa hesabu ya asilimia, ya bei inayopungua, ngumu kidogo. Akaandika, akasukuma daftari. Nikatazama, jibu ni sahihi, na njia ni sahihi. Na mimi nikamwambia, "Nani kakuambia?" Lilitoka tu. Siku zote darasani kwangu mtoto akipatia namwambia "vizuri, mwingine?" Yeye nikamwambia nani kakuambia. Akasema, "Hakuna, mwalimu." Nyumbani, mezani, akaniita mwalimu. Kisha swali lililofuata akakosa, na lililofuata, na sidhani kama alikuwa anajaribu.

Nimemwombea afanye mtihani, mwalimu mkuu amekubali shingo upande. Chumba atabaki cha pili. Kumhamisha sasa ingekuwa kama kusema makadirio hayakuwa sawa, na majina yameshapelekwa kwa wakaguzi. Usinijibu kwa hasira, nimechoka.

Dada yako


18 Agosti

Kwa mama,

Shikamoo. Nilikuomba usimwambie na ukamwambia. Sijakasirika, nakukumbusha tu.

Mama, naomba uweke sahihi ile karatasi. Jioni tunakaa mezani mpaka macho yananiwasha, mama mkubwa anachoka, na mimi namwonea huruma kwa sababu ana daftari za chumba cha kwanza za kusahihisha na anazisahihisha akiwa amechelewa. Nikikosa anapumua kwa nguvu. Nikipatia pia anapumua. Nimefikiri sana nikaona watu wengine wana akili na wengine wana mikono, kama ulivyosema wewe mwenyewe zamani kwamba mliambiwa. Wewe ni mikono na mimi nimerithi kwako. Si vibaya. Nguo zangu nafua vizuri, hata za mama mkubwa nafua mimi, na kola hazina alama.

Nije tufue wote. Nikifika nitakuwa nakusomea karatasi za kazini, mama mkubwa alinisomea ulivyomwandikia.

Chiriku


2 Septemba

Mwanangu,

Hapana. Nasema hapana, na nikisema tena itakuwa hapana. Huji kufua. Utafanya mtihani wako, uandike unachojua, usichojua uache.

Nilikosea kumwambia mama mkubwa na nilikosea zaidi kukuandikia ile barua ya mwanzo. Wewe si mzito. Usimsikilize mtu, hata mimi siku ile usinisikilize. Unakumbuka msumari wa fundi seremala? Ulikuwa sahihi kuuliza, na mpaka leo hajakujibu.

Nakupenda kuliko chochote kinachotembea duniani.

Mama


12 Desemba

Mdogo wangu,

Majibu ya mtihani yametoka, yamebandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Nimeona nikuandikie mimi kabla hujasikia kwa watu.

Chiriku hakupita. Chumba cha kwanza wamepita wote isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa na homa. Chumba cha pili hakupita hata mmoja. Mwalimu mkuu alisoma orodha ya makadirio na orodha ya majibu, moja baada ya nyingine, mbele ya mkutano wa wazazi, na watu wakapiga makofi. Nilitafuta mahali pa kutazama. Nimethibitishwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi kuanzia Januari.

Sikuandikii kukuonyesha nani alikuwa sahihi. Lakini huwezi kusema hatukujaribu, na huwezi kusema nilikudanganya. Nilikuambia Februari. Ungeweka sahihi ile karatasi, mtoto asingesimama mbele ya ukuta ule akilitafuta jina lake kutoka juu kwenda chini. Alitafuta kwa kidole. Nilimwona kutoka dirisha la ofisi na sikutoka nje, kwa sababu walimu walikuwa wananipa mkono.

Nafasi ya ushonaji bado ipo. Nijibu haraka.

Dada yako


10 Februari

Dada,

Shikamoo. Maneno niliyokuambia mlangoni pako mbele ya majirani, siku nilipokuja kumchukua mtoto, siyafuti. Salamu nakupa kwa sababu ulinitangulia kuzaliwa.

Tumefika salama na mnyapara hakunifukuza, alipiga kelele tu. Tunakaa chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha mkate, kitanda kimoja, mimi na Chiriku. Anaamka kabla yangu, anafagia, anakunja nguo zangu za kazi vizuri kuliko mimi. Kusema anasema akiulizwa. Nimemtafutia shule arudie mwaka wa mwisho, ni mwendo mfupi kutoka hotelini, na nimebadilisha zamu ili nimsindikize asubuhi.

Ile barua ya uhamisho uliyonipa imefungwa nikampe mwalimu wake mpya, niliifungua kwa mvuke wa pasi. Mwenzangu wa kazi alinisaidia kuisoma, kisha nikaisoma tena mwenyewe, polepole, neno kwa neno. "Mtiifu. Msafi. Uwezo wake ni mdogo. Anafaa kwa kazi za mikono." Unaandika vizuri, dada, siku zote uliandika vizuri. Nimeitia kwenye tanuru la kuchemshia maji. Nikajiambia, hapa hakuna anayemjua. Hapa ataanza akiwa mtupu kama wengine.

Jana nilimpeleka. Mwalimu wake mpya ni msichana mdogo, viatu vyake vina vumbi la chaki. Nikamwambia barua ya uhamisho ilipotea njiani. Akacheka, akasema haidhuru mama, nitamjua mwenyewe. Nusura nimpigie magoti. Nikabaki nje ya dirisha nione tu anavyokaa, halafu niende kazini.

Mwalimu akamwambia, "Karibu, chagua popote unapopenda kukaa." Dawati la mbele lilikuwa wazi, na la katikati, na la dirishani. Chiriku akasimama na mkoba wake kifuani. Akanyoosha mkono, dada. Akanyoosha mkono juu kabisa, mwalimu akamruhusu kwa furaha, na yeye akauliza kwa adabu zote ulizomfundisha, "Mwalimu, mimi ni mzito. Wazito wanakaa wapi?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akageuka akanitazama pale dirishani, akingoja nimwambie mtoto ameyatoa wapi maneno hayo. Nikaondoka, nilikuwa nimeshachelewa zamu.

Mdogo wako